Beji ya chungwa yarudisha Kiwelisi dukani
Katika maduka ya Wales, baadhi ya wauzaji huvaa beji ya rangi ya chungwa. Maana yake: hapa mteja anaweza kuuliza bei kwa Kiwelisi. Anayejifunza naye ana beji yake.

Katika karne ya 19, baadhi ya shule ziliwavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha hiyo. Ilitambuliwa rasmi kisheria mwaka 2011.

Sensa ya 2021 ilihesabu wazungumzaji 538,300, asilimia 17.8 ya wakazi wenye umri wa kuanzia miaka mitatu. Serikali inalenga milioni moja ifikapo 2050. Shule zinafundisha, lakini lugha isiyofika sokoni huishia darasani. Mfanyabiashara wa mpakani analijua hilo: salamu kwa lugha ya mteja hutangulia bei.