Je, Wajua? Mbegu na Kwao

Anayesafiri kutoka Thika kwenda Garissa hupita Kithimani, katika eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos. Kando ya barabara utaona mbaazi, mahindi, migunga ya malishoni na miti ya mukau iliyoachwa katikati ya mashamba. Mimea hiyo haiwezi kuhama jua likizidi. Kinachosafiri ni mbegu, na popote inapoangukia, mahali penyewe ndipo huchagua. Miche isiyopaweza hufa bila kuzaa, na inayopaweza huacha wazao wenye tabia zake. Vizazi vikipita, spishi moja huwa na maumbo na mienendo tofauti kutoka upande mmoja wa makazi yake hadi mwingine. Hivi ndivyo mageuko yanavyofanya kazi, na ushahidi wake uko karibu nasi.

1. Je, wajua kwamba mgunga wa Yatta una ndugu hadi Oman?

Mgunga ambao Wakamba huuita mulaa, na wanasayansi *Vachellia tortilis*, huota kutoka Afrika Magharibi hadi Uarabuni, na kusini hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa mimea huugawa katika nususpishi nne. Wa Afrika Mashariki hujulikana kwa vijinywele vilivyo kwenye maganda yake, ilhali wa kusini mwa Afrika una maganda yasiyo na vijinywele. Kule Oman ndugu yake huitwa samr, na nyuki hutengeneza kutokana na maua yake asali inayosifika sana.

Ushike tawi lake uliangalie kwa makini. Utakuta miiba ya namna mbili: mirefu, myeupe na iliyonyooka, pamoja na mifupi iliyopinda kama ndoana. Maganda yake hujikunja, na yakianguka mbuzi huyala kwa hamu. Mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima na kuangushwa mbali na mti mama. Kwa njia hiyo mifugo na wanyama wa porini wamesaidia kuusambaza mgunga.

2. Je, wajua kwamba mti unaweza kupunguza ulinzi wake ukiona hauhitajiki?

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Athi, huota mgunga mwingine, *Vachellia drepanolobium*. Miiba yake huvimba chini, na ndani ya uvimbe huo huishi sisimizi wanaowauma wanyama wanaokula majani. Mti huwalipa walinzi wake kwa makao na maji matamu.

Huko Laikipia watafiti walizungushia uzio baadhi ya miti hii ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiifikie. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baada ya miaka kumi hivi, miti ile ilikuwa imepunguza makao na maji matamu. Sisimizi walinzi walidhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine wasioujali mti. Wadudu wakatoboa mbao, na miti ikakua polepole na kufa kwa wingi zaidi. Hapo urithi haukubadilika, ila kila mti ulirekebisha matumizi yake. Uwezo huo wa kujirekebisha nao ni zao la mageuko.

3. Je, wajua kwamba mbaazi huchagua baridi au joto la kuchanulia?

Mbaazi, ambazo Ukambani huitwa nzuu, asili yake ni India. Afrika Mashariki zimekaa muda mrefu kiasi cha kupata aina zake zenyewe, nyingi zikiwa na punje kubwa nyeupe. Wataalamu walizipanda katika vituo vya Kenya vinavyotofautiana kwa mwinuko, kuanzia Mtwapa pwani, kisha Kiboko na Katumani, hadi Kabete. Aina za muda mfupi zilichanua upesi zaidi kwenye joto la karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Aina za muda mrefu zilipendelea karibu nyuzi 18, na zikiwa mahali penye joto kali zilichelewa.

Sasa tazama kalenda ya mkulima wa Machakos. Hupanda mbaazi za muda mrefu pamoja na mahindi mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba. Mahindi huvunwa, mbaazi zikabaki shambani zikinywa mvua za masika. Maua yake ya manjano hufunguka wakati wa ubaridi wa katikati ya mwaka, na mavuno huja Agosti na Septemba. Mbegu hiyohiyo ukiipeleka pwani, itakupa majani mengi na maua yaliyochelewa.

4. Je, wajua kwamba mahindi ya Kitale yana damu ya Ecuador?

Mahindi yalianza kulimwa Mexico takriban miaka 9,000 iliyopita. Mwaka 1964 Kenya ilitoa mbegu ya H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya nyanda za juu za Ecuador. Nchi zote mbili ziko kwenye ikweta na zina milima mirefu, kwa hiyo mbegu ya huko ilijikuta kama iko nyumbani.

Lakini mahindi ya Kitale huweza kukaa shambani miezi sita au zaidi. Yakipandwa Kithimani bila maji ya kumwagilia, mvua itakatika kabla hayajabeba. Ndiyo sababu kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa katika miaka ya 1960 mbegu inayokomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne. Mbinu yake ni kuuwahi ukame, kuchanua udongo ungali na unyevu.

5. Je, wajua kwamba mtama hujificha dhidi ya kiduha?

Mbegu ya gugu liitwalo kiduha hulala ardhini hadi inaponusa kemikali inayotolewa na mizizi ya nafaka, ndipo inapoamka na kuifyonza. Baadhi ya mitama imepoteza jeni moja, kemikali yake ikabadilika, na mbegu nyingi za kiduha haziamki. Utafiti wa mwaka 2020, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, ulionyesha kwamba mitama ya namna hiyo hupatikana zaidi mahali ambapo kiduha kimezoea kushambulia. Adui naye ni sehemu ya mazingira.

6. Je, wajua kwamba mukau unatafutiwa wazazi bora?

Mukau, *Melia volkensii*, ni wa ukoo mmoja na mwarobaini na hustawi katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki pekee. Tangu mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa misitu nchini, KEFRI, ikishirikiana na Wajapani, imetafuta miti iliyonyooka na inayostahimili ukame katika maeneo mbalimbali. Vikonyo vyake vilipandikizwa katika mashamba ya mbegu ya Kitui na Kibwezi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu miti ya asili ilikuwa bado imesimama. Kila mukau au mgunga unaochomwa makaa kabla haujazaa huondoka na urithi ambao huenda hauko penginepo.

Basi, ndugu msomaji, unaponunua mbegu usiulize bei tu. Uliza inafaa mwinuko gani, hukomaa kwa siku ngapi na imejaribiwa wapi. Na mwaka wa ukame, kabla ya kupika nzuu zote, tenga punje za miche iliyobeba vizuri pale wenzake waliponyauka. Hiyo ndiyo mbegu inayolijua shamba lako.