Kobe Aliyetufikisha Nyakahanga

Watoto wa Rubwera wa leo wanaijua michomoko na bodaboda. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulilelewa na kobe. Ndivyo watu walivyoiita Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa mviringo, na marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa nayo moja, rangi ya maziwa iliyochujuka, aliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Enzi hizo kwetu kote kulikuwa Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilikuja kuzaliwa mwaka 2012.

Mgeni aliyetaka kupakia mkungu wa ndizi alikwenda nyuma, akakuta injini. Buti lilikuwa mbele, pamoja na tangi la petroli. Rejeta halikuwepo kabisa: injini ilipozwa kwa upepo wa feni na kwa oili yake, hivyo katika vilima vyetu, ambako malori yalisimama yakifuka mvuke na utingo akitafuta maji bondeni, kobe alijipitia akinguruma. Tena uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yaliyolisukuma gari, basi utelezi wa masika haukulitisha sana. Mwaka 1954 Volkswagen ya namna hiyo, ikiendeshwa na Vic Preston, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Baba alilitaja jambo hilo kila aliposikia gari lake likidharauliwa, nasi tukalihifadhi kama tulivyohifadhi Juzuu Amma.

Maji ya kuoshea kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Tulipoligundua hilo tulikiosha kioo mchana kutwa, na adhabu yake hatujaisahau.

Usiku mmoja wa mvua mama alishikwa na uchungu. Baba akaliwasha gari kuelekea Hospitali ya Nyakahanga, mama na shangazi wakiwa kiti cha nyuma, nasi, wenye umri wa miaka minane, tukiwa mbele na kurunzi. Hatujafika Omurushaka, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na bila feni injini ile haifiki mbali.

Mkanda mpya ulikuwepo chini ya kiti. Baba hakusafiri bila huo. Lakini kuufunga ni kazi ya subira, kwani puli hufunguliwa ikawa nusu mbili, na katikati hukaa washa nyembamba zinazopima mkazo wa mkanda. Alizitoa mojamoja akaziweka katika kiganja chetu. "Usiangushe hata moja, mwanangu." Mama alikuwa kimya, kisha hakuwa kimya tena. Shangazi alisoma dua kwa sauti iliyotetemeka. Kurunzi mkono mmoja, washa mkono wa pili, na mvua ikitupiga usoni, tukaangusha moja katika tope. Hatukusema neno. Baba akafunga zilizobaki, mkanda ukakaza kuliko kawaida, akaendesha polepole. Dada yetu alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Kosa hilo tulilikiri baada ya miaka kumi. Baba akajibu kwamba alizihesabu usiku uleule.

Tulipopata nafasi katika chuo cha Kiislamu, fedha za kahawa za mwaka ule hazikutosha. Baba aliliuza gari bila kutuuliza, wala bei hakuitaja hadi alipofariki. Huko Puebla, Mexico, kobe wa mwisho alikuwa ametoka kiwandani tangu tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21, na spea zilikwisha kuwa za kubahatisha. Mnunuzi aliondoka nalo asubuhi kwa njia ya Murongo. Baba alisimama barabarani hadi mlio ukapotea, akaingia ndani kutia udhu, ingawa Dhuha ilikuwa imekwisha kusaliwa.

Kifuniko kimoja cha gurudumu kilibaki uani. Mama huwanyweshea kuku maji humo, na hataki kisogezwe.