Meneja Ni Mwenye Kushika Amana

Kijana wa Thika au Ruiru anayetaka kuingia katika mapigano ya mseto, yale ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, asianze kuuliza atalipwa kiasi gani. Aulize kwanza nani atamsimamia.

Tumkumbuke Robert Wangila. Mwaka 1988, huko Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi. Kisha akaenda Marekani kupigana kwa malipo. Naye alikuwa amesilimu. Julai 1994, mjini Las Vegas, mwamuzi alilisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila akalalamika kwamba angali na nguvu. Muda si muda akazimia chumbani, asizinduke tena. Alikuwa na miaka 26.

Bondia aliye ulingoni hakijui kipimo chake, moyo humdanganya. Hapo ndipo afaapo meneja aliyewahi kupigana, kwani aijuaye ngumi kwa mwili wake huwahi kurusha taulo.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Heri mpiganaji arejee akiwa hai, awatunze wanaomfuata. Mwana wa watu ni amana.