Chujio la tangi la bahari: bei ya dukani si gharama yote

WENYE hoteli, migahawa na maduka wanaotaka kuweka tangi la samaki wa baharini mapokezini huanza kwa kuulizia bei ya kioo, kisha bei ya samaki. Chujio hukumbukwa mwisho, fedha zikiwa zimepungua. Hesabu hiyo imepinduka. Samaki anaweza kusubiri mwezi mzima bila hasara yoyote kwa mwenye duka, lakini chujio lisilotosha huweza kuteketeza mtaji wote uliomo majini kwa usiku mmoja.

Sababu ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavuni, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sponji huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na katika hali hiyo amonia huwa kali zaidi kuliko ilivyo katika maji baridi mengi. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi kwa chujio la bei poa asidhani kuwa chujio lile lile litamfaa.

Kabla ya kuingia dukani, mnunuzi apime tangi lake. Urefu zidisha upana zidisha kimo, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, ndizo lita. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 ni lita 162, na likishawekwa mawe na mchanga maji yenyewe hupungua. Kwa samaki bila matumbawe, kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni maji yote kupita kwenye chujio mara 5 hadi 10 kwa saa, yaani lita 810 hadi 1,620 kwa tangi hilo. Maandishi ya kwenye boksi yasichukuliwe kama yalivyo. Nguvu ya pampu hupimwa bila mzigo; ikipandisha maji kimo cha mita moja na kuyapitisha kwenye sponji iliyochafuka, lita hupungua sana. Boksi likisema "hadi lita 200", mwenye tangi la lita 162 afikirie saizi inayofuata.

Sokoni kuna aina kadhaa. Lile la chini ya mchanga, linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, ndilo rahisi kuliko yote na limetumika miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba uchafu hujikusanya chini mahali pasipoonekana, na kulisafisha sawasawa ni kufumua tangi zima. La kuning'iniza mgongoni mwa tangi linafaa matangi madogo, na kulifungua ni kazi ya dakika chache. Si chaguo baya kwa anayeanza.

Linalovutia wanunuzi wengi ni chujio la mkebe, lile linalofichwa kabatini na kuunganishwa kwa mipira miwili. Halipigi kelele, lina nafasi ya sponji, kaboni na vigae vya bakteria, na mapokezi yanabaki nadhifu. Lakini lina mambo mawili ambayo muuzaji hayataji bila kuulizwa. Kwanza, uchafu unaonaswa humo haujatoka majini. Unaendelea kuoza ndani ya mkebe, na asipokuwepo wa kuufungua kila baada ya wiki chache nitrati hupanda. Pili ni umeme. Ukikatika, maji husimama ndani ya mkebe uliofungwa, na bakteria waliomo humaliza oksijeni. Saa kadhaa baadaye umeme ukirudi, pampu husukuma maji yale mabovu moja kwa moja kwenye tangi. Mwenye mgahawa anayefunga saa nne usiku na kurudi asubuhi anaweza kukuta samaki wamelala kifudifudi huku chujio likinguruma vizuri kabisa, akamlaumu aliyemuuzia samaki.

Njia nyingine ni mawe hai pamoja na skima. Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa ameandika kuhusu tangi la asili la mawe na viputo vya hewa tangu mwaka 1961. Baadaye Wajerumani waliongeza skima yenye nguvu, na mfumo ukajulikana kwa jina la Berlin. Mawe yenye vitundu huwa makazi ya bakteria: juu wale wanaohitaji oksijeni, ndani kabisa wale wanaopunguza nitrati. Skima hupuliza viputo vidogo mno katika maji ya chumvi. Uchafu hung'ang'ania viputo, hupanda kama povu na kumwagika kwenye kikombe. Tofauti na mkebe, uchafu huo umetoka majini kabla haujaoza. Katika maji baridi kifaa hiki hakifanyi kazi ipasavyo, kwani povu halishikani. Tangi la lita 162 huwekewa mawe ya kilo 15 hadi 20 hivi.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa pwani hushawishika kwenda kujichukulia mawe mwambani. Asifanye hivyo kabla ya kufika ofisi ya uvuvi. Matumbawe magumu yamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa CITES, na sheria za nchi zina masharti yake. Mawe makavu au ya kutengenezwa hufanya kazi ile ile, ila huhitaji muda mrefu zaidi kujaza bakteria.

Kwa walio mbali na bahari, kama Nairobi au Arusha, skima ina hesabu ya ziada. Chumvi ya kutengenezea maji hutumika karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo kujaza lita 162 ni kilo 5.7, na kubadilisha sehemu ya tano ya maji kila mwezi ni zaidi ya kilo moja nyingine. Skima nzuri humwezesha mwenye tangi kubadilisha maji kidogo zaidi bila maji kuharibika. Mtu wa Mombasa au Tanga, mwenye bahari mlangoni, hatauona uzito wa hoja hiyo.

Kwenye umeme wenyewe tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Chujio la mkebe la wati 20 likiwaka mchana na usiku hula yuniti 14.4 kwa siku 30. Skima ya wati 8 pamoja na pampu ya kuzungusha maji ya wati 6 hula yuniti 10.08. Zidisha na bei ya yuniti iliyo kwenye risiti ya LUKU au tokeni. Saa za umeme kukatika ndizo zenye uzito. Kila tangi la chumvi katika miji yetu linahitaji pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika, tena katika joto la pwani, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Kuinunua ni nafuu kuliko kitatange mmoja mzuri.

Chujio likishafungwa, bakteria huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kujijenga, na vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri ndipo samaki wa kwanza anunuliwe, mmoja au wawili. Muuzaji anayesukuma chujio na samaki kumi kwa siku moja anauza samaki kumi wengine wa mwezi ujao.

Kwa vifaa vya mitumba, tangi au chujio lililowahi kutumiwa kwa dawa ya shaba liepukwe ikiwa mnunuzi ananuia kuweka kamba au matumbawe, maana shaba huwaua. Na kwa kifaa kipya, kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe kama ana impela na mpira wa kuzibia wa modeli hiyo hiyo pale dukani. Pampu nzima huweza kulazwa wiki tatu kwa kukosa kimojawapo.