KOFIA ZA KUFUMA NA KIFUA CHA MAMA



Mwezi huu tunaomba ruhusa tuweke kando khabari za mizani na magunia, tuzungumze juu ya kofia. Si zile kofia za kushona kwa mkono ambazo mabibi zetu huzikalia kwa wiki nyingi mpaka ziwe za kuvaliwa Sikukuu, bali kofia ndogo za kufuma, ambazo moja humalizika kwa jioni moja, na mwenye kuivaa hajui hata kuwa amevaa. Hizi ni za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ambao siku hizi wanaitwa njiti.

Tangu mabibi wa chama chetu walipoanza kufuma kofia na mablanketi haya kwa ajili ya wodi ya wazazi, tumeulizwa mengi. Bwana mmoja alisimama katika mkutano akasema: karafuu na vitoto vichanga vina uhusiano gani? Swali lake ni la haki na jibu lake lipo, lakini kwanza tueleze jambo lenyewe.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hajatimiza siku zake. Mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto kama milioni 13.4 wa namna hiyo, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Waliosoma fikihi wanajua kwamba wanavyuoni tangu zamani wamehesabu muda mdogo kabisa wa mimba kuwa ni miezi sita, kwa kutoa miaka miwili ya kunyonya katika ile miezi thelathini iliyotajwa ndani ya Kurani. Basi mtoto huyu si kioja wala si mkosi. Adui yake ni baridi. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili, kwa hivyo joto humtoka upesi, hata hapa kwetu ambapo mtu mzima anatafuta upepo. Joto la mwili wake linatakiwa liwe baina ya digrii 36.5 na 37.5. Likishuka, nguvu zote alizonazo anazitumia kujipasha moto, haziachi za kunyonya wala za kuvuta pumzi.

Hapo ndipo inapoingia kofia. Lakini tuseme kweli, maana twaona baadhi ya wafumaji wanadhani kofia ndiyo dawa. Siyo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ethiopia, Msumbiji na Uganda, nayo yalionyesha kuwa kofia ya sufu haina dhara, lakini katika chumba chenye joto haikuongeza kitu kwa mtoto ambaye tayari yupo kifuani kwa mama yake. Kofia ni msaidizi tu. Dawa ni kifua.

Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, nchi ya Colombia, na Daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu watoto walikuwa wengi na mashine za joto chache. Aliwataka mama wawafunge watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, ikaitwa njia ya kangaruu, kwa jina la yule mnyama wa Australia abebaye mtoto wake mfukoni. Mtoto huvishwa nepi, soksi na kofia, basi. Akalazwa wima baina ya maziwa ya mama, akafungwa kwa kanga, na blanketi likawafunika wote wawili, uso wa mtoto ukiachwa wazi. Kanga hatuhitaji kuagiza ng'ambo.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 mpaka karibu kilo 1.8. Miongoni mwa waliongojewa kwanza watulie, walifariki karibu 16 katika kila 100 ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto akae hivyo saa 8 mpaka 24 kwa siku.

Sasa tumjibu Bwana yule. Saa hizo, kwa siku nyingi, ni za mama. Na akijifungua wakati karafuu zimeiva, nyumbani anangojewa. Hakuna wa kuchambua makonyo, hakuna wa kuanua majamvi mvua ikitishia, wadogo hawana wa kuwapikia, na mume anakuja hospitali kuuliza ataruhusiwa lini. Mama anaona haya, anaomba kutoka. Hapo hata kofia mia hazimsaidii mtoto. Huo ndio uhusiano.

Kwa hivyo Kamati imekubali kwamba sehemu ya fedha za uzi itumike kwa nauli na chakula cha mama aliyelazwa na mtoto wa namna hii, na inawaomba wanachama wasimhesabu katika kazi za msimu. Majirani wapeane zamu. Na baba naye ana kifua. Mama akienda kuoga au kulala, yeye anaweza kumfunga mtoto, wala hapungukiwi na heshima.

Ama wafumaji, pimeni kofia zenu juu ya chungwa kubwa au balungi dogo. Kichwa cha mtoto wa kilo moja na nusu mzunguko wake ni kama sentimita 28 mpaka 30, na kofia nyingi tulizopokea zingemfaa mtoto wa miezi mitatu. Msitie kamba, vifungo wala shanga. Mablanketi yafumwe kwa karibu, yasiwe na matundu ya kunasa vidole. Kila mtoto anahitaji kofia zaidi ya moja, kwani iliyorowa humtia baridi kuliko kukaa bila kofia. Zifueni kabla ya kuzileta, na msiziweke pamoja na karafuu, harufu yake ni kali kwa mapafu madogo.

Uzi upo ofisini, mweupe na wa manjano. Uchukuliwe asubuhi, siku za kazi, na kila anayechukua aandikishe jina lake katika daftari.

Katibu