Je, Wajua? Kilwa, mapato ya mpingo hupangwa na kijiji

Je, wajua kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji cha Tanzania kutenga msitu wake, kuuza mbao zake na kubaki na mapato yake?

• Kamati ya maliasili huchaguliwa na wanakijiji wenyewe. Hufanya doria, husimamia uvunaji na kuwajibika kwa halmashauri ya kijiji.

• Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno la mwisho. Humo husomwa mapato na matumizi, na wananchi huamua kiasi gani kirudi msituni kwa doria na kuzuia moto, na kiasi gani kiende kwenye kisima, darasa au ofisi ya kijiji.

• Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo la MCDI. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii.

• Mpingo ndio mti wenye thamani kubwa hapa. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, nacho hutengenezewa zumari za Ulaya ziitwazo klarineti na oboe. Hukua polepole mno, hivyo mti unaokatwa leo ulianza kuota enzi za mababu.

• Gogo halali hugongwa alama kwa nyundo maalumu kabla ya kusafirishwa. Lisilo na alama huweza kukamatwa njiani.