Kusoma na kutumika Ubelgiji: tumbo nalo linaomba muda wa kuzoea

Kila mwaka, vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira wanaenda kusoma Ubelgiji. Wazazi wanajipanga juu ya viza, tiketi ya ndege, minerval na koti ya baridi. Juu ya chakula, wengi wanasema tu: "Atazoea." Ni kweli, atazoea. Lakini miezi ya kwanza inaweza kuwa nguvu, zaidi kwa mwanafunzi mwenye anasoma muchana na kutumika mangaribi. Mutu mwenye hakuli vizuri anachoka, anasinzia mu darasa, anaanza kuanguka mitihani, na watu ya nyumbani wanawaza kama ni uvivu.

Tunaeleza hapa ni nini inabadilika, sababu gani mwili unasumbuka, na ni nini familia inaweza kutayarisha tangu hapa nyumbani.

"Nilikunywa chai, lakini sijakula"

Kwetu, mutu anaweza kukunywa chai na mukate muzima, kisha aseme kama bado hajakula. Kula ni bukari na mboga. Ubelgiji mambo ni mengine. Saa sita ya muchana, watu wengi wanakula mukate wa baridi wenye fromage ao jambon ndani. Chakula cha moto kinakuja mangaribi, mara nyingi kuanzia saa kumi na mbili. Mwanafunzi mwenye anaalikwa kwa rafiki muchana na kupewa mukate asizani kama wamemuzarau. Ndiyo desturi yao.

Kuna pia vyakula vyenye kushangaza. "Américain" ni jina lenye kudanganya: ni nyama ya ng'ombe mbichi yenye kusagwa, inachanganywa na viungo na kupakwa ku mukate. Chicon ni mboga nyeupe yenye uchungu kidogo. Boulettes za Liège ni nyama ya kuviringishwa yenye mchuzi wa sukari, kwa sababu wanatiamo sirop ya matunda. Frite, wanazikaanga mara mbili, na kwa desturi ni ndani ya mafuta ya ng'ombe. Lakini kuna pia stoemp, ni viazi vya kupondwa pamoja na karoti ao mboga ingine. Wale wenye wanajua lituma hawatapotea.

Wenye hawakuli nguruwe, Waislamu na Waadventista, waangalie mbele ya kununua: jambon na soseji nyingi ni za nguruwe. Mu Bruseli maduka ya halali ni mingi, sababu Wamaroko na Waturuki wengi wanaishi pale.

Sababu gani tumbo linasumbuka

Jambo la kwanza ni maziwa. Mutoto muchanga ana kitu ndani ya tumbo chenye kinavunja sukari ya maziwa, yenye inaitwa laktozi. Kwa watu wengi wa Afrika ya kati, kitu hicho kinapunguka wakati mutoto anakomaa. Akikunywa maziwa mingi, laktozi inashuka bila kuvunjwa mpaka mu utumbo mukubwa, na pale vijidudu vinaichachusha. Njo maana tumbo linajaa hewa, linauma, na mutu anaharisha. Si sumu, na si uchawi. Watu wenye wametoka mu familia za wafugaji mara nyingi hawapate shida hiyo. Na fromage yenye imekaa muda murefu, sawa ile ya Masisi, inabakia na laktozi kidogo sana; njo maana wengi wanaikula bila shida hata kama maziwa inawasumbua.

Jambo la pili ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mboga na maharagi yenye inasaidia choo kutoka. Mwanafunzi mwenye anaishi kwa mukate mweupe, frite na pasta anapata kidogo. Ongeza baridi: mutu hasikie kiu, anakunywa maji kidogo, na choo kinakuwa kigumu.

Jambo la tatu ni jua. Ngozi yetu inatengeneza vitamini D wakati jua linaipiga. Ubelgiji, kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tatu, jua ni zaifu sana, na ngozi nyeusi inaomba jua mingi kupita ngozi nyeupe. Samaki wa mafuta, kama sardini ya boati, wanasaidia, na bei yao si ya juu. Mutu akisikia uchovu wenye hauishi, ao maumivu ya mifupa, aende kwa munganga wapime damu.

Kuharisha ya siku mbili tatu kisha kubadilisha chakula si ya kuogopesha. Lakini ikipita wiki mbili, ao kama mutu anakonda haraka, asijitibu kwa ushauri wa WhatsApp. Mwanafunzi anajiandikisha mu mituweli, na hiyo inamurudishia sehemu ya feza ya munganga.

Shida kubwa ni saa na feza

Ukisikiliza vizuri malalamiko ya chakula cha kigeni, unaona kama mara nyingi ulimi si wenye makosa. Wakati ndiyo unakosa.

Mwanafunzi mwenye ametoka inje ya Umoja wa Ulaya ana ruhusa ya kutumika masaa 20 kwa wiki wakati masomo inaendelea. Wakati wa vakansi anaweza kupita hapo. Kazi zenye wanapataka ni kuosha sahani mu restora, kupanga vitu mu duka kubwa, kusafisha biro, kupeleka chakula na kinga. Anatoka darasani saa kumi, anakimbia kazi, anarudi mu kot (ndivyo wanaita chumba cha mwanafunzi) karibu saa tano ya usiku. Maduka makubwa mengi yanafunga kuelekea saa mbili. Ndani ya kot hakuna mama wala dada mwenye amebakisha sahani. Anakula chips, analala.

Mwengine ana feza, lakini anaikata kwa sababu nyumbani wanaomba. Mwezi wa kwanza anapunguza nyama, mwezi wa pili anaruka chakula cha muchana. Familia zijue: dola hamsini yenye inafika kwa simu inaweza kuwa imetoka ndani ya sahani ya mutoto. Kumuuliza "umetuma lini?" mbele ya kumuuliza "umekula nini?" ni kumusukuma mu shida.

Wenye wanavuka vizuri wanafanya jambo moja lenye halina siri: wanapika siku moja kwa ajili ya wiki. Siku ya yenga, sufuria moja ya maharagi, moja ya mchuzi wa kuku ao samaki, wanagawanya ndani ya visanduku vidogo na kuweka mu firigo ya barafu. Usiku, ni kupasha moto tu na kupika muchele ao bukari ya dakika kumi.

Sombe iko, lakini ku paketi inaitwa pondu

Mu Bruseli, kata ya Ixelles, kuna mutaa wenye unaitwa Matonge, sawa Matonge ya Kinshasa. Pale wanauzisha unga wa muhogo, makayabu, mafuta ya mawese, pilipili, na sombe yenye kusagwa na kugandishwa. Lakini mutoto wa Bukavu ajue: kule lugha ya maduka ni ya Kinshasa. Atafute "pondu" ao "saka-saka".

Vitu hivyo vinasafiri mbali, njo maana bei iko juu. Mwanafunzi mwenye anataka kula Matonge kila siku atamaliza mushahara wake pale. Wengi wanafanya Matonge mara moja kwa mwezi, na siku zingine wanapika kwa vitu vya pale pale:

- Bukari ya semoule laini ya ngano: maji ichemuke, unamwanga kidogo kidogo, unasonga kwa nguvu. Inashiba.
- Epinari ya kugandishwa pahali pa lenga-lenga, na karanga ya kusagwa kidogo.
- Maharagi makavu: kuyaloweka usiku, kuyapika asubuhi. Ni chakula cha bei kidogo chenye kinakaa ndani ya tumbo.
- Mboga na matunda ya soko ya Midi, kila siku ya yenga asubuhi mu Bruseli. Kuelekea mwisho wa soko wauzishaji wanashusha bei.

Neno moja juu ya jikoni ya pamoja: samaki wa kukaanga anaweza kuamusha kengele ya moshi, na nyumba nzima inatoka inje. Fungua dirisha, funga mulango.

Mu valizi muweke nini?

Sheria za Umoja wa Ulaya ni kali. Nyama na vitu vya maziwa kutoka inchi yetu haviingie, hata kipande kidogo: si nyama ya kukausha, si samli, si fromage ya Masisi. Vinanyanganywa ku uwanja wa ndege, na mutu anaweza kulipishwa. Samaki wanakubaliwa mpaka kilo 20 kwa mutu. Basi sambaza na ndagala zenye kukauka vizuri zinaweza kupita. Matunda mabichi na majani mabichi yanaomba karatasi ya wakubwa wa kilimo, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Avoka, marakuja na sombe mbichi hazimo.

Wenye wanapita Kigali wakumbuke kama Rwanda imekataza sachet za plastiki tangu 2008. Fungeni ndani ya kitambaa, karatasi ao visanduku. Na musimalize kilo za bagaje kwa mafuta ya mawese, sababu inauzishwa kule.

Mutoto mwanaume naye aingie jikoni

Kitu chenye kinasaidia kupita vyote hakipimwe ku uwanja wa ndege. Mu familia zetu nyingi, kijana anamaliza masomo ya sekondari bila kujua kupika maharagi. Dada zake ndiyo wanamupikia. Akifika Ubelgiji, anajifunza kwa njaa, na njaa ni mwalimu mubaya kwa mutu mwenye ana mitihani mwezi wa kwanza.

Kama mutoto wenu anangojea viza, hiyo miezi ya kungojea ni ya kutumia. Apike mara mbili kwa wiki, kwa feza yenye mumemupimia, bila mutu kumusaidia: aende soko, ahesabu, apike, aoshe sufuria. Asonge bukari mpaka isikuwe na mabonge. Siku atarudi kutoka kazi saa tano ya usiku, mikono yake itajua cha kufanya.